Folio ya Tatu

"Hivi jirani, mlango mmoja hufunguliwa na watu wangapi?"

Siwema aliuliza hivyo asubuhi moja huku akigeuza vitumbua, na Leokadia, aliyesimama kando akisubiri viwili vya kwenda navyo kazini, akadhani ametegwa kitendawili.

"Nimeshindwa," akasema akicheka. "Nakupa mji."

"Mji wa nini mie? Nataka zahanati." Siwema akanyoosha kijiti chake cha kugeuzia kuelekea ng'ambo ya barabara. "Wewe ndiye unayefanya kazi kwa wenye milango. Nambie basi. Watu wangapi?"

Leokadia akafunga vitumbua vyake kwenye gazeti, akaaga, na lile swali likamfuata njia nzima.

Ng'ambo ya barabara ilisimama Zahanati ya Mtaa wa Mgagani, ukuta mweupe, bati la buluu, imekamilika miaka miwili nyuma. Ukichungulia dirishani, kati ya nondo, uliona vitanda vitatu vingali ndani ya nailoni yake, mizani ya watoto, na rafu zilizojaa dawa. Gari la wagonjwa lilikuwepo pia, jipya kabisa, gerejini kwa nyuma, na ufunguo wa gereji ulining'inia kwenye msumari ndani ya zahanati, ambako kila mtu aliuona na hakuna aliyeufikia. Hata nesi alikuwepo. Alishapangiwa kituo, akaripoti, akapewa kiti, na kila siku tangu saa mbili mpaka saa tisa na nusu alikaa nje ukutani akifuma vitambaa, kwa kuwa kazi yake kisheria ilianzia ndani ya mlango.

Kilichokosekana ni kitu kimoja tu. Mtu wa kusema: fungueni.

Tuseme mapema ili msomaji asihangaike: haya yalitokea katika nchi isiyotajwa jina, si kwa woga, bali kwa sababu jina lake liko kwenye kamati tangu siku ya uhuru. Kwenye ramani imeandikwa Nchi, na chini yake, kwa wino mwembamba, Jina Litafuata. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina madini, na zao lake kuu ni subira.

Na kwa kuwa nchi hiyo ilijali sana watu wake, majengo yote ya umma yalikuwa na milango, na milango yote ilikuwa chini ya Mamlaka ya Milango ya Umma, iliyoongozwa na Mkurugenzi Mkuu, Bwana Sosteni Mahembe. Chini yake walikuwepo mameneja saba: wa Bawaba, wa Vitasa, wa Vizingiti, wa Fremu, wa Rangi, wa Kuingia na wa Kutoka. Hawa wawili wa mwisho hawakuwa wakisalimiana.

Leokadia alikuwa mhudumu wa masjala, yaani chumba yanakokaa majalada. Kazi yake ilikuwa kulitoa jalada, kulipeleka mezani kwa mkubwa, kungoja aandike, kulichukua, kulipeleka kwa mkubwa mwingine. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe pamoja na mkoba wa ngozi, miaka kumi na mmoja sasa. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, ila la enzi zile, darasa la saba lililoshiba. Na wakubwa, kwa kuwa walimwona akitembea tu, walisahau kwamba anajua kusoma. Alisoma kila kitu. Hakusema kitu. Jioni alisali rozari yake, akalala.

Jalada la Mgagani alilijua kama kiganja chake. Folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza jaladani, ilikuwa barua ya Siwema, kwa niaba ya wanawake wa mtaa, ikiomba mlango ufunguliwe. Folio ya pili ilikuwa barua ya fundi aliyejenga, ikisema kazi imekwisha na ufunguo huu hapa. Na kwa kuwa kanuni ya masjala ni kwamba kila kinachoingia kitobolewe tundu, kipewe namba na kifungwe kwa uzi wa kijani, na ufunguo una tundu tayari, basi ufunguo ulipitishwa uzi na kuandikwa folio ya tatu. Folio ya nne ilikuwa ramani ya mlango.

Mamlaka ilikuwa na majengo mawili, la zamani na jipya, na baina yake barabara ya Mgagani. Kwa hiyo mara mbili au tatu kwa siku Leokadia alipita mbele ya zahanati, mkoba begani, ufunguo ndani ya mkoba. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni hatua kumi na nne. Alishazihesabu.

*

Kwa miaka miwili jalada lilizunguka kwa mwendo wa heshima. Meneja wa Bawaba aliandika: "Nimeona." Meneja wa Vitasa aliandika: "Nimeona pia. Kwa ushauri wako." Meneja wa Vizingiti aliandika: "Tuongee." Hawakuongea. Jalada likarudi kwa Meneja wa Bawaba, akaandika: "Wamefikia wapi?"

Siwema kila mwezi alipeleka barua ya kukumbushia. Mwezi ule wa lile swali aliongeza mstari mmoja chini: binti yake Mwanahawa, wa pekee, ana mimba ya miezi minne, na hospitali ya wilaya iko kilomita arobaini.

Meneja wa Rangi akaandika pembeni: "Hongera."

Ndipo Serikali ikapata wasiwasi. Inasemekana Mheshimiwa Mkuu wa Nchi aliuliza siku moja wakati wa chai, mwaka huu yamefanyika maamuzi mangapi, na katika chumba chote hakupatikana mtu wa kuamua amjibu au asimjibu. Ikaagizwa uwezo wa mameneja wa kuamua upimwe, nchi nzima, na atakayeongoza apewe nishani.

Mamlaka ya Milango ikaletewa mpimaji, Dakta Apolinari, kijana mnene mwenye kalamu nne mfukoni, aliyesomea ng'ambo namna ya kupima visivyopimika. Siku ya kwanza aliwakusanya ukumbini. Leokadia alikuwa akigawa maji.

"Ndugu mameneja," Dakta akaanza, "uamuzi ni nini? Uamuzi ni mchakato. Mchakato ni nini? Ni mtiririko. Mtiririko ni nini?" Akainua kidole ili watamani jibu. "Ni jalada! Na meneja anapoweka dokezo ndani ya jalada, amekutana na jambo, amelitazama, amelifanyia kitu. Je, huo si uamuzi?"

"Ndiyo!" wakaitika.

"Kwa hiyo kila dokezo ni alama moja. Dokezo lenye muhuri, alama mbili. Anayeandika 'Nimeona', alama tatu, maana ameonyesha uwezo wa kuona. Anayeandika 'Tuongee', alama nne, maana anajenga umoja."

Meneja wa Bawaba akanyoosha mkono. "Dakta, samahani. Na meneja akiamua jambo, likaisha?"

Dakta akamtazama kwa huruma. "Likiisha, jalada linafungwa. Likifungwa, linapelekwa stoo. Likiwa stoo, ndugu yangu, tutapima nini?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Meneja wa Kuingia na wa Kutoka wakapeana mikono.

*

Mamlaka ilikuwa na majalada kumi na tisa, lakini kumi na manane yalikuwa usingizini. Lililokuwa hai ni la Mgagani peke yake, kwa sababu ya zile barua za Siwema. Mameneja saba na Mkurugenzi Mkuu wao, jalada moja.

Weee! Leokadia hajapata kuona kitu kama kile. Watu waliokuwa wakifika saa nne wakawa wanamngoja mlangoni saa moja na nusu. "Mama Leokadia, njoo kwangu kwanza." "Mama yangu, jana ulianzia kwake, leo anzia kwangu, mbona unanibagua?" Jalada lilizunguka mara mbili kwa siku, kisha nne, kisha tisa. Meneja wa Fremu alilifuata hadi kantini, akaandika "Nimeona" huku ana tonge mdomoni. Meneja wa Rangi alilazwa kwa shinikizo la damu, na jalada likapelekwa wodini. Lilinunuliwa mto wa mahameli wa kulalia. Likaanza kuitwa Jalada la Baraka.

Viatu vya Leokadia vikaisha soli upande mmoja. Hakulalamika. Mungu amsamehe, alifurahi.

"Linakwenda kwa kasi, jirani," alimwambia Siwema. "Sijapata kuliona likienda hivi. Jana limepita mezani kwa bosi mara tisa!"

"Mara tisa?" Siwema akamkazia macho. "Na mara hizo tisa alikuwa anafanya nini nalo?"

"Anaandika."

"Anaandika nini?"

Leokadia akatazama vitumbua. Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, akichambua mchele. Akacheka. "Mama, muache mama wa watu. Mwanangu akizaliwa tutamwita Jalada, labda watamwona."

Mwezi wa saba wa ile mimba, muujiza ukataka kutokea. Meneja wa Vitasa, Bi. Editruda, aliyekuwa mgeni kazini na hajalala vizuri kwa kunyonyesha, alilifungua jalada, akalisoma kuanzia mwanzo, jambo ambalo hakuna meneja aliyekuwa amelifanya, kisha akaandika maneno mawili. Leokadia aliyasoma akiwa amesimama upande wa pili wa meza, juu chini.

Mlango ufunguliwe.

Alilibeba jalada lile kama mtu aliyebeba Ekaristi. Alipita mbele ya zahanati akiwa na machozi. Hatua kumi na nne. Lakini palitakiwa saini ya Mkurugenzi Mkuu, na Leokadia alikuwa mtu wa utaratibu. Akapita.

Bwana Sosteni alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akapiga kengele ya dharura, ambayo haikuwa imepigwa tangu ofisi ilipoungua, na hata siku hiyo ilipigwa kesho yake.

"Editruda!" alifoka mameneja walipokwisha kujaa. "Unataka kutuua?"

"Bosi, nilidhani kwa kuwa jengo limekamilika, na dawa zipo, na nesi yupo…"

"Ulidhani! Tuna alama mia sita kwenye jalada hili, tumekuwa wa pili kitaifa, Mamlaka ya Mabwawa imetuzidi kidogo tu, wewe unadhani!"

"Hapa kuna mwanamke mwenye mimba," Bi. Editruda akasema kwa sauti ndogo. "Imeandikwa folio ya mia na nne."

"Folio ya mia na nne tumeiona sote," akasema Meneja wa Bawaba. "Tumeandika kwamba tumeiona."

Ukaletwa wino mweupe. Bwana Sosteni mwenyewe, kwa mkono wake, akayafuta yale maneno mawili taratibu kama mtu anayepaka mgonjwa dawa. Akapuliza yakauka. Bi. Editruda akapelekwa warsha ya wiki mbili ya Uamuzi Shirikishi, akarudi ananukia marashi ya hotelini, na kutoka siku hiyo aliandika "Tuongee" kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Leokadia alibaki mlangoni na mkoba wake.

"Mzee," akasema, "huyo binti ni mtoto wa jirani yangu."

"Mpe salamu," akasema Bwana Sosteni. "Mwambie mimba ina ratiba yake, na Mamlaka ina ratiba yake. Wanaopenda nchi yao watajitahidi ratiba zisigongane."

*

Zikagongana Jumanne, saa tano na nusu asubuhi, katika wiki ya mwisho ya kuhesabu alama.

Leokadia alikuwa akipita na mkoba mtupu, maana jalada lilikuwa limezuiwa kwa Mkurugenzi Mkuu, aliposikia Siwema akimwita kwa sauti ambayo hajapata kuisikia. Mwanahawa alikuwa kwenye kizingiti cha zahanati, ameegemea mlango. Chini yake damu. Nesi alikuwa amepiga magoti, vitambaa vyake vyote alivyofuma miaka miwili amevitandika.

"Bodaboda iko wapi?" Leokadia akauliza.

"Amekataa," akasema Siwema. "Anasema atamfia mgongoni."

"Mtoto anakuja vizuri," nesi akasema bila kuinua kichwa. "Tatizo ni hii damu. Dawa ya kuizuia ipo rafu ya pili, boksi jeupe. Ile pale. Naiona kwa macho yangu, mama. Naiona!"

Wanaume watatu walikuwa wameshaushambulia mlango kwa mtaimbo na jiwe la kusagia. Haukutikisika. Mamlaka ya Milango ilikuwa na makosa yake, lakini milango yake ilikuwa ya chuma cha kweli.

Leokadia alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, kiatu kimoja hakina soli, alikimbia mpaka jengo la zamani, akapanda ngazi, akaingia ofisini kwa Mkurugenzi Mkuu bila kugonga, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Bwana Sosteni na Dakta Apolinari walikuwa wameliinamia jalada, wanahesabu.

"Mia nane na tisini na sita, mia nane na tisini na… Mama! Umenipoteza hesabu!"

"Mzee, naomba ufunguo. Yule binti anajifungua mlangoni. Damu inamtoka. Nusu saa nimeurudisha, nakuapia."

"Ufunguo gani?"

"Huo hapo. Folio ya tatu."

Wote wawili wakautazama kana kwamba ndiyo kwanza wanauona, ingawa Bwana Sosteni alikuwa ameandika mara mia na kitu kwamba ameuona.

"Haiwezekani," akasema Dakta. "Folio ikichomolewa, jalada linakuwa pungufu. Jalada pungufu halihesabiki. Ni kanuni ya kisayansi."

"Mzee Sosteni." Leokadia akashika ukingo wa meza. "Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Mungu tunamheshimu, mama, lakini hayumo kwenye muundo wa Mamlaka." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu katili, akamsogezea karatasi. "Andika ombi. Kwa kifupi. Tutalishughulikia."

Na Leokadia akaandika. Hili ndilo atakalokwenda kuulizwa mbele ya Mungu, naye analijua. Ufunguo ulikuwa mezani, mkono mmoja na nusu kutoka alipo, unang'aa kwenye uzi wa kijani. Wanaume wawili wanene wameketi. Na yeye, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja ya kungoja mkubwa aandike, akainama akaandika mistari mitatu kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Bwana Sosteni akaitoboa ile karatasi, akaipa namba mia mbili na kumi na nane, akaifunga jaladani. Akaandika juu yake: "Nimeona. Ni jambo zito. Tuongee kesho saa nne." Akagonga muhuri.

"Alama tisa kwa mkupuo," Dakta akanong'ona. "Hongera, mzee."

Leokadia akarudi mikono mitupu. Alimkuta mtoto wa kike akilia ndani ya kanga ya nesi, na Mwanahawa amelala kimya, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, macho yametazama bati la buluu. Msikitini walikuwa wakiadhini adhuhuri.

Siwema akamtazama Leokadia mikononi. Mikononi tu. Kisha akaangalia pembeni.

*

Taarifa ya kifo iliingia jaladani siku hiyohiyo, folio ya mia mbili na kumi na tisa. Haijapata kutokea folio iliyopendwa namna ile. Meneja wa Bawaba akaandika: "Nimeona. Inasikitisha." Wa Fremu: "Nimeona. Inasikitisha sana." Wa Kutoka akaandika kwamba kisheria marehemu hakuwa ametoka, maana hakuwa ameingia, hivyo suala ni la Meneja wa Kuingia. Wa Vizingiti, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kufika Mgagani, alifika, akatazama, akaandika kuwa kizingiti kimechafuka na kinahitaji kuoshwa: "Tuongee." Bi. Editruda alikaa na jalada saa nzima, ameziba uso. Halafu naye akaandika. Alikuwa na mtoto wa kunyonyesha na kibarua cha kulinda.

Jioni Dakta alipojumlisha, Mamlaka ya Milango ilikuwa imewapita watu wa Mabwawa kwa alama arobaini na moja.

Leokadia aliendelea kubeba. Asubuhi alimnunulia kitoto maziwa, akapita kwa Siwema kumpa, na Siwema akayapokea, akasema ahsante. Hakumuuliza kitu. Hakumuuliza siku ile, wala siku ya tatu, wala siku ya arobaini. Afadhali angeuliza. Afadhali angemrushia mafuta ya moto.

Sala ikamshinda. Alifika "utusamehe makosa yetu" akakwama hapo, kama ng'ombe aliyegoma darajani. Akaenda kwa padri. Padri, mzee mwema, akamwambia hayo yote ni mapenzi ya Mungu.

Leokadia hakuwa amebishana na padri tangu abatizwe.

"Baba," akasema, "Mungu hana saini kwenye lile jalada. Nimelisoma lote."

*

Nishani ilitolewa siku ya Ijumaa, ukumbini, mbele ya Mheshimiwa Waziri wa Maamuzi. Mapambo, kwaya, ngoma, viti vya mahameli. Jalada la Baraka, sasa nene kama godoro, lingeletwa mbele juu ya mto wake, na mhudumu wa masjala ndiye angelibeba, kwa kuwa Dakta alikuwa amepima pia hatua zake na kukuta ametembea kilomita elfu moja mia mbili bila kupoteza folio hata moja. Alishonewa gauni la kijani lifanane na uzi.

Bwana Sosteni Mahembe akavishwa nishani. Alama mia tisa na thelathini na saba, nishani ya kwanza tangu nchi ipate, au tuseme ikaribie kupata, jina.

"Ndugu zangu," akasema kwenye maikrofoni, na sauti ikamtetemeka kwa hisia, "wapo wanaotubeza. Wanasema, mlango mmoja miaka miwili na nusu! Nawauliza, je, mlango uliofunguliwa unaweza kufunguliwa tena? Hauwezi! Umekwisha! Sisi tumechagua kuwaachia watoto wetu jambo lililo hai. Mheshimiwa Waziri, natangaza mbele yako: jalada hili halitafungwa. Litazunguka miaka mitano mingine!"

Vigelegele. Waziri akainuka kupiga makofi, wote wakainuka.

Leokadia, amesimama mbele na mto mikononi, alikuwa akimfikiria mke wa fundi baiskeli wa Mgagani. Alimwona asubuhi ile kwa Siwema akinunua vitumbua, mkono kiunoni, anapumua kwa mdomo. Miezi minane. Mimba ya kwanza.

"Mama yetu naye asisahaulike!" Waziri akasema kwa furaha, akimsogelea na kalamu ya dhahabu ili naye aandike dokezo. "Shujaa wetu! Eti mama, ni zito hilo?"

"Zito, mheshimiwa."

Akaliweka chini, sakafuni, si mezani. Akapiga magoti. Watu walidhani anasali, na wengine wakainamisha vichwa. Akaufungua uzi wa kijani, fundo lake alilifunga mwenyewe na alijua linavyofunguka. Akaondoa ramani, akautoa ufunguo, akainuka nao. Karatasi mia mbili na ishirini zikaanza kuteleza moja moja juu ya zulia, "Nimeona" na "Tuongee" zikitapakaa miguuni kwa wakubwa.

"Mama!" Bwana Sosteni alikuwa amepauka. "Mama Leokadia, hiyo ni folio! Umeruhusiwa na nani? Hiyo inahitaji saini yangu, saini ya wa Bawaba, saini ya wa Vitasa… Jamani, mwambieni, inahitaji watu!"

Dakta Apolinari alikuwa ameshatoa karatasi yake ya vipimo, anapekua juu chini, anatafuta mahali pa kuandika kitu kama hicho. Hakukuwa na mahali. Kwenye safu ya mameneja, Bi. Editruda pekee ndiye aliyekuwa amebaki ameketi, analia wazi bila kujifuta.

Leokadia akamgeukia Mkurugenzi Mkuu wake. Hakupaza sauti.

"Mmoja," akasema. "Jirani yangu aliniuliza siku nyingi. Ni mtu mmoja tu."

Akaubana ufunguo kiganjani, akakanyaga juu ya madokezo yao, akapita katikati ya kwaya, akatoka nje, akashika barabara ya Mgagani.